Vifo vya Watoto Wachanga: Wastani Hautoshi

Katika mambo yanayopima hali ya maisha ya jamii yoyote, hakuna kipimo kilicho chepesi kueleweka na kizito katika maana yake kama kiwango cha vifo vya watoto wachanga. Kipimo hiki huhesabu watoto wanaofariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Mtoto wa umri huo hana kinga ya kutosha mwilini, hawezi kujitafutia chakula wala kueleza anapoumwa. Uhai wake wote umo mikononi mwa watu wanaomzunguka. Kwa hiyo maji yakiwa machafu, mama akiwa amedhoofu, nyumba ikiwa imejaa mbu, barabara ikiwa imekatika au zahanati ikiwa haina dawa, yeye ndiye wa kwanza kuathirika.

Kwa kipimo hiki Tanzania imepiga hatua ambayo haifai kubezwa. Makadirio yaliyotokana na Sensa ya mwaka 1978 yalionyesha kuwa watoto 137 katika kila 1,000 walikuwa wakifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 1999 ulipata watoto 99; ule wa mwaka 2004 na 2005 ulipata 68; na ule wa mwaka 2022 ulipata 33. Maana yake ni kwamba katika muda usiofika nusu karne, hatari ya mtoto kufa katika mwaka wake wa kwanza imepungua na kuwa karibu robo tu ya ilivyokuwa. Chanjo, vyandarua, dawa bora za malaria, elimu ya kina mama na kuenea kwa zahanati vyote vimechangia.

Hata hivyo, tarakimu hizo za taifa zima zinajibu swali moja tu, yaani ni watoto wangapi wanaofariki. Swali la pili, ambalo ni zito zaidi kwa wenye dhamana ya kupanga huduma, ni hili: ni watoto wa nani? Hapo ndipo wastani unapokuwa kimya, na ukimya huo una gharama ya uhai.

Wastani unavyoficha

Inafaa jambo hili lielezwe kwa mfano wa hesabu. Ichukuliwe kata moja ya kubuni ambamo watoto 200 huzaliwa kwa mwaka. Miongoni mwao, 150 huzaliwa katika vitongoji vilivyo karibu na barabara na zahanati, na 50 huzaliwa katika vitongoji vya mbali, ng'ambo ya mto. Tuseme watoto watatu wa karibu na watoto watano wa mbali hufariki kabla ya kutimiza mwaka. Jumla ni vifo vinane katika vizazi 200, yaani kiwango cha 40 kwa kila 1,000. Hiyo ndiyo tarakimu itakayoandikwa katika taarifa ya wilaya. Lakini kwa hakika kata hiyo haina kitongoji hata kimoja chenye kiwango cha 40. Upande wa karibu una kiwango cha 20, na upande wa mbali una kiwango cha 100. Wastani umeeleza hali isiyokuwepo mahali popote.

Tuseme tena kwamba huduma zikaimarishwa katika zahanati ile ile, na vifo vya karibu vikapungua kutoka vitatu hadi kimoja, huku vya mbali vikibaki vitano. Kiwango cha kata kitashuka kutoka 40 hadi 30. Taarifa itasema, na itakuwa inasema kweli, kwamba vifo vimepungua kwa robo nzima. Lakini tofauti kati ya mtoto wa karibu na mtoto wa mbali, ambayo mwanzoni ilikuwa mara tano, sasa itakuwa mara kumi na tano. Maendeleo yamepatikana, na papo hapo dhuluma imekua.

Mfano huo ni wa kubuni, lakini jambo lenyewe si geni katika sayansi ya afya ya jamii. Mwaka 1971 daktari Julian Tudor Hart, aliyekuwa akitibu familia za wachimba makaa ya mawe huko Wales, alieleza kuwa huduma nzuri za tiba huelekea kupatikana kinyume cha mahitaji: wanaozihitaji zaidi ndio wanaozipata kidogo zaidi. Mwaka 2000 watafiti wakiongozwa na Cesar Victora wa Brazil walionyesha kuwa mbinu mpya ya afya inapoletwa, kwa kawaida huwafikia kwanza walio nafuu, na pengo hupanuka kabla ya kuanza kupungua. Swali ni pengo hilo litaachwa wazi kwa miaka mingapi, na watoto wangapi watatumbukia humo.

Somo la Bonde la Kilombero

Yapo mawazo yaliyozoeleka kwamba tofauti za namna hii ni za mijini, ambako tajiri na maskini huishi mtaa mmoja, na kwamba vijijini watu wote wako sawa kwa kuwa wote ni wakulima wa jembe la mkono. Utafiti uliofanyika nchini Tanzania umekwisha kuyakanusha mawazo hayo. Mwaka 1999 ulifanyika uchunguzi wa kaya katika wilaya nne za vijijini: Kilombero, Ulanga, Rufiji na Morogoro Vijijini. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2003, yalionyesha kuwa hata miongoni mwa watu ambao mgeni angewaona wote kuwa maskini, familia zilizokuwa na nafuu kidogo zilizijua zaidi dalili za hatari kwa mtoto, zilitumia muda mfupi zaidi kufika kwenye kituo cha tiba, zilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kumpeleka huko mtoto mgonjwa, na watoto wao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata dawa ya malaria au ya homa ya mapafu. Baiskeli moja, bati badala ya nyasi, au miaka michache ya shule kwa mama vilitosha kuwatenganisha watoto wa kijiji kimoja.

Bonde la Kilombero linaeleza vizuri namna tofauti hizo zinavyojengeka. Huko mpunga ndio maisha. Mvua zinapoanza, familia nyingi huhama kutoka kijijini na kwenda kuishi mashambani kwa wiki nyingi ili kupanda, kupalilia na kuamia ndege. Makazi ya huko ni vibanda na madungu, mara nyingi katikati ya maji ya mafuriko, na zahanati imebaki nyuma kijijini. Mama mwenye ndugu wa kumwachia shamba, au mwenye fedha ya kuajiri vibarua, aweza kubaki kijijini na mtoto wake mdogo. Asiye na msaada humfunga mtoto mgongoni na kwenda naye. Mtoto huyo akishikwa na homa usiku, umbali wake na dawa si ule uliochorwa kwenye ramani ya wilaya. Ni umbali wa maji, matope na giza.

Ndiyo maana takwimu zinazohesabu kilomita kutoka makao ya kijiji hadi zahanati haziwezi kueleza hali yote. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mpango wa afya unaoandikwa na watu wasiojua kuwa kijiji huhama na mvua utawapangia huduma watu ambao, katika miezi ya hatari zaidi, hawapo nyumbani.

Chandarua kilivyofundisha

Bonde hilo hilo limetoa pia ushahidi wa jinsi pengo linavyoweza kuzibwa. Kuanzia mwaka 1996 kaya za vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga zilianza kutembelewa kila baada ya miezi minne ili kuandika kila aliyezaliwa, aliyekufa, aliyehama na aliyehamia. Katika kipindi hicho hicho vyandarua vyenye dawa vilianza kuuzwa kwa bei nafuu kupitia maduka ya vijijini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa matumizi ya vyandarua hivyo yaliongeza kwa asilimia 27 uwezekano wa kuishi wa watoto wenye umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Kwa kitambaa kilichochovywa dawa, hayo yalikuwa mafanikio makubwa.

Lakini je, nani alilala ndani ya vyandarua hivyo? Baada ya miaka mitatu ya mauzo, kaya tisa na zaidi kati ya kumi miongoni mwa zilizokuwa na nafuu zilikuwa na chandarua, ilhali miongoni mwa kaya maskini kabisa ilikuwa ni zaidi kidogo ya nusu tu. Pengo lilikuwa limepungua sana kuliko mwanzoni, ila halikuisha. Mwaka 2004 taifa lilianzisha mpango wa Hati Punguzo, ambapo mama mjamzito alipewa hati kliniki na kwenda nayo dukani kununua chandarua kwa bei iliyopunguzwa. Mpango huo uliwafikia wengi, lakini bado ulimtaka mama awe na fedha ya kujazia na awe na duka lenye vyandarua karibu naye. Kwa aliyekosa vyote viwili, hati ilibaki kuwa karatasi. Ni pale ilipoamuliwa kugawa vyandarua bila malipo, kwanza kwa watoto wa chini ya miaka mitano katika mwaka 2009 na 2010, kisha kwa kila mahali pa kulala katika mwaka 2010 na 2011, ndipo tofauti kati ya kaya na kaya ilipopungua kwa haraka.

Somo la chandarua ni bayana. Ili mbinu iwafikie walio mwisho, lazima ipangwe tangu mwanzo kwa kuwafikiria wao. Kungoja huduma iwateremkie kama maji kutoka mlimani ni kuchagua kwamba watoto wao wafe kwanza, wengine wapone kwanza.

Sura mpya ya tofauti

Jambo hili lina uzito zaidi leo kwa sababu vifo vyenyewe vimebadili umri. Katika utafiti wa mwaka 1999, kati ya watoto 99 waliofariki kabla ya mwaka mmoja katika kila 1,000, watoto 40 hivi walifariki katika mwezi wa kwanza na 59 katika miezi iliyofuata. Katika ule wa mwaka 2022, kati ya watoto 33, 24 walifariki katika mwezi wa kwanza na tisa tu baadaye. Vifo vya miezi ya baadaye vimepungua kwa zaidi ya asilimia 80, lakini vile vya mwezi wa kwanza vimepungua kwa asilimia 40 tu. Hivi sasa karibu robo tatu ya vifo vya watoto wachanga hutokea kabla mtoto hajatimiza siku 28.

Sababu inaeleweka. Malaria, surua, kuhara na homa ya mapafu ndizo zilizokuwa zikiua baada ya mwezi wa kwanza, na dhidi ya hizo zipo chanjo, vyandarua na dawa. Katika mwezi wa kwanza wauaji wakubwa ni watatu: kuzaliwa kabla ya wakati, kushindwa kupumua wakati wa kuzaliwa, na maambukizo. Dhidi ya hawa hakuna chanjo ambayo mama aweza kuifuata siku ya kliniki. Mtoto asiyepumua anahitaji msaada katika dakika yake ya kwanza. Mtoto njiti anahitaji joto katika saa yake ya kwanza. Chanjo yaweza kungoja hadi wiki ijayo, lakini pumzi haingoji.

Kwa hiyo umbali, ambao zamani ulikuwa usumbufu, sasa umekuwa hukumu. Na umbali huo si wa kilomita peke yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha jambo lililowashangaza wengi: vifo vya mwezi wa kwanza vilikuwa vingi zaidi mijini kuliko vijijini. Mama wa mtaa uliosongamana jijini aweza kujifungulia katika jengo lenye madaktari, lakini ikiwa mkunga mmoja anahudumia wazazi wengi kwa wakati mmoja, mtoto wake naye yuko mbali na msaada, japo kwa hatua chache tu.

Mbinu za kuokoa watoto hawa zipo, na si za gharama kubwa. Wakunga wa hospitali nane za Tanzania walipofundishwa kumkausha, kumchangamsha na kumpulizia hewa mtoto asiyepumua kwa mfuko na kifuniko cha uso, vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, kama ilivyochapishwa mwaka 2013. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, yaliyoonyesha kuwa mtoto mwenye uzito mdogo akiwekwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali yake itulie, vifo hupungua kwa robo. Kifua cha mama hakinunuliwi kutoka ng'ambo.

Hoja zinazotolewa

Wapo wanaosema kuwa tatizo ni ujinga wa kina mama, na kwamba dawa yake ni kuwaelimisha. Elimu ni jambo jema, lakini hoja hii inaacha nusu ya ukweli. Katika wilaya sita za mikoa ya Lindi na Mtwara ulifanyika uchunguzi mkubwa ambamo wanawake wa kujitolea waliwatembelea wajawazito na wazazi majumbani na kuwashauri juu ya kumtunza mtoto mchanga. Kina mama walisikiliza. Baadhi ya mazoea ya nyumbani yalibadilika na kuwa bora. Hata hivyo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa vifo vya watoto wa mwezi wa kwanza havikupungua kwa sababu ya ushauri huo. Mama alikuwa ametimiza wajibu wake. Ushauri hauwezi kuwa badala ya mkunga, maji, umeme na hewa ya oksijeni mahali anapojifungulia.

Wengine husema, kwa nia njema, kuwa fedha ni chache, hivyo ni busara kuwahudumia kwanza walio wengi na walio karibu. Hoja hii inaonekana kuwa ya kihesabu, lakini hesabu yenyewe inaikataa. Katika ule mfano wa kata, watoto wa mbali walikuwa robo tu ya waliozaliwa, lakini walikuwa zaidi ya nusu ya waliokufa. Mahali penye vifo vingi ndipo kila shilingi ya tahadhari inapoweza kuokoa watoto wengi zaidi. Kuanzia mwisho si huruma tu. Ni matumizi bora ya fedha chache.

Wapo pia wataalamu wanaotahadharisha kuwa idadi ya vizazi katika kijiji kimoja ni ndogo mno kwa takwimu. Tahadhari hiyo ni ya haki. Katika kijiji chenye vizazi 100 kwa mwaka, kifo kimoja tu hupandisha kiwango kwa 10. Ndiyo sababu haifai kukilaumu au kukisifu kijiji kwa tarakimu ya mwaka mmoja. Yafaa vijiji vinavyofanana viunganishwe na miaka kadhaa ijumlishwe. Lakini uchache huo huo una faida yake: vifo vikiwa vichache, kila kimoja chaweza kuulizwa. Mtoto alizaliwa wapi? Safari ilichukua saa ngapi? Walipofika, palikuwa na nani? Majibu ya maswali hayo matatu yana manufaa kwa halmashauri kuliko wastani wa mkoa mzima.

Yanayopasa kufanywa

Kwanza, kila kitongoji kiwe na daftari la vizazi na vifo, likiandikwa na mtu anayeishi humo na kukaguliwa na zahanati. Mtoto anayezaliwa kibandani shambani na kufariki kabla ya siku ya saba mara nyingi huzikwa bila kuandikwa popote. Kwa taarifa za serikali hakuzaliwa wala hakufa, na huduma zinapogawiwa hahesabiwi. Hakuna tofauti iliyo kubwa kuliko hiyo.

Pili, taarifa za afya za halmashauri zisitoe wastani peke yake. Ziandikwe tarakimu mbili sambamba, moja ya vitongoji vya karibu na nyingine ya vitongoji vya mbali, na mganga mkuu wa wilaya aulizwe kuhusu pengo kama anavyoulizwa kuhusu jumla.

Tatu, huduma zipangwe kwa kuanzia nyumba ya mwisho: nyumba za wajawazito kungojea kujifungua karibu na vituo vyenye uwezo, kliniki zinazofuata wakulima mashambani katika msimu, na usafiri wa dharura uliopangwa mapema na wenye vyombo vijijini, kama inavyofanyika chini ya mpango wa M-mama, ambapo madereva wa jamii huitwa pale gari la wagonjwa linapokosekana.

Nne, kujifungulia kituoni kuwe na maana. Utafiti wa mwaka 2022 unaonyesha kuwa vizazi 81 kati ya 100 hutokea katika vituo vya afya, ambapo mwaka 2010 vilikuwa 50. Kina mama wamekwisha kuitikia mwito. Sasa ni zamu ya vituo kuitikia, kwa mkunga aliye macho usiku, taa inayowaka, na mfuko wa hewa ulio safi na tayari mezani.

Mataifa yamekubaliana kuwa ifikapo mwaka 2030 vifo vya mwezi wa kwanza visizidi 12 katika kila 1,000, ambayo ni nusu ya kiwango kilichopatikana mwaka 2022. Yawezekana lengo hilo likafikiwa kwa kuwaokoa watoto wa karibu peke yao, na sherehe zikafanyika. Lakini mama aliyemzika mwanawe kando ya jaruba la mpunga hatajua kuwa lengo limefikiwa. Taifa litakuwa na haki ya kusema kwamba limeshinda vifo vya watoto wachanga siku ambayo mtoto wa ng'ambo ya mto atakuwa na matumaini ya kuishi sawasawa na mwenzake aliyezaliwa mlangoni pa zahanati.